Chemchemi Chini ya Uwanja wa Ndege

Wakati wa vita vya Kagera nilikuwa bibi shamba wilayani Ngara. Nilikuwa bado msichana, nina cheti kipya cha kilimo na buti za mpira zilizonizidi mguu, na kazi yangu ilikuwa kuzunguka vijijini nikifundisha watu kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko na kukagua mibuni yao. Asubuhi moja mkuu wa idara yetu aliniita ofisini kwake. Nilimkuta amesimama dirishani, anatazama malori yaliyokuwa yakielekea kaskazini.

"Uwanja wetu wa ndege utaongezwa urefu," aliniambia. "Jeshi linataka ndege kubwa kidogo ziweze kutua, zilete dawa, na ikibidi zilete majeruhi hospitali ya misheni. Mhandisi wao amekwisha fika. Utafuatana naye."

"Mimi, mzee? Bibi shamba na uwanja wa ndege wapi na wapi?"

"Anatakiwa awe na mtu wa kumwambia kitakachoharibika. Mashamba, maji, malisho, miti. Akikuuliza, mjibu. Asipokuuliza, mwambie vilevile."

Siku hizi kazi hiyo ina jina refu na watu huisomea chuo kikuu. Wakati ule haikuwa na jina. Ulikwenda, ukatazama, ukasema.

Uwanja wenyewe niliujua vizuri. Ulikuwa ukanda wa nyasi mgongoni mwa kilima, uliotengenezwa kwa ajili ya ndege ndogo ya madaktari wa misheni, na siku ambazo ndege haikuja ng'ombe walilisha humo. Kando yake kulikuwa na kijiji cha ujamaa chenye nyumba zilizopangwa mistari. Katika mstari wa mwisho, upande wa mashariki, aliishi mama yangu.

Mhandisi alikuwa kapteni, mtu wa makamo, mrefu, mwenye macho mekundu ya mtu ambaye hajalala vizuri kwa muda mrefu. Alikuwa ametoka huko mbele ambako madaraja yalivunjwa na yeye na vijana wake walikuwa wakiyaunganisha upya. Tulipoingia kwenye Land Rover nilimwamkia, akaitikia, kisha akaelekeza macho barabarani. Nilivumilia mpaka tulipopita kona ya kwanza, nikaona nikichelewa zaidi nitashindwa kusema.

"Afande, kuna jambo nataka ulijue mapema. Mama yangu anaishi pale uwanjani."

"Upande gani?"

"Mashariki. Nimesikia vigingi vyenu vinapita nyuma ya jiko lake."

Aliendelea kutazama barabara. Nilidhani atamwamuru dereva ageuze gari, aombe mtu mwingine.

"Basi nyumba ya mama yako usiihesabu," alisema. "Niambie habari za watu wengine."

Sikujua kama nimeonewa au nimefadhiliwa. Nilijibu "ndiyo, afande," nikashika mfuko wangu mapajani.

Lazima nieleze kwa nini jambo la nyumba ile lilikuwa zito kwangu. Miaka michache kabla ya vita, watu walipohamishiwa vijijini, sisi tulikuwa tunakaa mteremko wa magharibi wa kilima hichohicho, katika makazi ya baba na babu. Baba alikuwa amekwisha fariki, na kaburi lake lilikuwa nyuma ya nyumba. Siku ya kuhama mgambo walikuja asubuhi, wakawa wapole kidogo kwa sababu mama alikuwa mjane, lakini ilipofika jioni nyumba ilikuwa haina mlango wala paa. Mama alibeba jiwe lake la kusagia kichwani, hakumwachia mtu. Kule kijijini, misimu ya mwanzo alipanda maharage na viazi vitamu tu, vitu ambavyo mtu anaweza kuvivuna akaondoka. Nilipomuuliza kwa nini hapandi migomba, aliniambia kwa Kihangaza kwamba hawezi kupanda mgomba mahali ambapo hajui kama atakula ndizi yake. Kisha mwaka mmoja, bila kunieleza kilichombadilisha, alipanda. Mwaka wa vita migomba ile ilikuwa inazaa, na mikungu mingine ameiegemeza kwa miti isianguke.

Nilimkuta amesimama katikati ya migomba hiyo, anatazama kigingi chenye kitambaa chekundu.

"Hicho ni cha nani?" aliniuliza.

"Cha jeshi, mama. Wanapima tu."

"Hata wakati ure walikuja wakipima tu." Hilo alilisema kwa Kiswahili chake cha sokoni kisicho na *l*, kwa sauti, ili kapteni aliyekuwa nyuma yangu asikie. Kapteni alisikia. Alivua kofia, akasema, "Shikamoo, mama." Mama akaitikia marahaba, akaingia ndani.

Tulitembea uwanja mzima, kisha tukafuata vigingi kwenda mashariki. Vilishuka taratibu kutoka mgongoni mwa kilima mpaka ukingoni mwa bonde. Greda ilikuwa imekwisha kwangua nyasi sehemu ya mwanzo, na udongo mwekundu ulikuwa wazi. Chini ya ukingo ule ndipo ilipokuwa chemchemi ya kijiji, chini ya mkuyu, na baada ya chemchemi bustani za akina mama, mboga na maharage ya kiangazi, mpaka kwenye mafunjo. Kijiji chote kilikunywa hapo. Kisima kingine kilikuwa mbali, ng'ambo ya kilima cha pili.

"Sema sasa," kapteni aliniambia.

Nilisema. Nilimwambia kwamba ardhi ikishindiliwa kwa urefu ule, mvua haitazama tena, itakimbia juujuu, na kwa jinsi kilima kilivyolala yote itamwagikia hapa. Udongo utashuka nayo. Chemchemi itazibwa na matope, bustani zitafunikwa. Nilimwonyesha ufa mdogo ambao mvua nyepesi ya juma lile ilikuwa imeuchimba mahali greda ilipopita, ufa wa kuingiza mkono.

"Huo ni ufa wa kuku," alisema.

"Leo, afande. Mwisho wa masika utakuwa wa ng'ombe."

Alicheka kidogo puani, halafu akaacha kucheka. "Bibi shamba, huko nilikotoka watu wanakufa kwa kukosa chupa ya damu. Vita havisubiri chemchemi."

Alichosema kilikuwa kweli. Kijiji kile kilikuwa na vijana wake jeshini. Hakuna mama pale aliyekuwa hataki ndege ya dawa itue.

Mchana mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano uwanjani. Watu walikuja wengi, wakakaa kwenye nyasi, na kapteni akaeleza kwa maneno machache na ya heshima. Alipomaliza aliuliza kama kuna mwenye neno. Mwenyekiti alinivuta pembeni, akaninong'oneza, "Unafikiri nani atasimama? Wakati wa vita, mtu akipinga jambo la jeshi ataitwaje?" Nilizitazama nyuso zile nikaelewa. Walikuwa watu waliokwisha kuhamishwa mara moja, na walikuwa wameanza tayari kuhama ndani ya mioyo yao.

Nikasimama mimi. Nikasema kwamba uwanja unahitajika na hakuna anayeukataa, ila ukielekezwa mashariki maji yatakufa, na kijiji kisicho na maji hakiwezi kumpokea majeruhi wala kumlisha askari. Kwamba pengine ipo njia nyingine. Mzee mmoja akaguna kukubali, kisha mwingine. Kapteni alinisikiliza bila kubadilika uso, akafunga mkutano.

Mvua ilikuja alasiri. Kwetu mvua kubwa hutanguliwa na harufu, kisha upepo wa baridi, kisha huoni kilima cha jirani. Ilitukuta mimi, kapteni na dereva ndani ya Land Rover mwisho wa uwanja, na ilipiga bati la gari mpaka tukawa hatusikiani. Tulikaa muda. Mara nikamwona kapteni anavaa koti lake la mvua.

"Afande, unakwenda wapi?"

"Kuangalia huo ufa wako."

Nilimfuata. Maji yalikuwa yanatiririka juu ya udongo uliokwanguliwa kama shuka jekundu, yanakusanyika, na yalipofika ukingoni yalikuwa tayari na nguvu ya kusukuma mawe. Ufa wa asubuhi sikuuona tena. Mahali pake palikuwa na handaki ambalo mtu angeweza kusimama ndani yake mpaka magotini, na kingo zake zilikuwa zikianguka vipande vipande mbele ya macho yetu. Kapteni alitaka kukaribia, buti lake la kulia likazama, akalivuta likabaki, akasimama kwa mguu mmoja ananishika bega. Ilibidi nipige magoti nilichimbue buti kwa mikono. Tukacheka wote wawili, hatukuweza kujizuia, mvua inatumwagikia shingoni.

Mvua ilipopungua tuliteremka chemchemini. Maji yalikuwa rangi ya matofali. Akina mama wawili walikuwa wamefika na ndoo, wamesimama wanatazama. Mmoja alichota kwa kiganja, akaacha maji yapite vidoleni, kiganja kikabaki na tope. Wakageuka na ndoo tupu. Kapteni aliwafuata kwa macho mpaka walipoishia njiani.

"Yatachukua muda gani kusafika?" aliniuliza.

"Haya ya leo, kesho kutwa pengine. Ni mvua moja tu, na ni kipande kidogo tu mlichokwangua."

"Na ndege ingekuwa imesimama pale juu," alisema, kama anayejisemea mwenyewe, "magurudumu yangezama kama buti langu."

Jioni ile tulikula kwa mama, ndizi na maharage, kwa sababu gari lilikuwa limekwama na hapakuwa na pa kwenda. Mama alimhudumia kapteni kama mgeni yeyote, akamletea maji ya kunawa aliyokuwa ameyachota kabla ya mvua. Kapteni aliyatazama maji yale ndani ya kibuyu, akanawa vidole tu.

"Mama, chakula ni kizuri," alimwambia.

"Kura, mwanangu. Wewe una safari ndefu. Sisi tukiondorewa hapa tutarara wapi, hiro ni rangu mimi, si rako."

Niliinamisha kichwa. Kapteni alikula akamaliza, akashukuru, akaenda kulala nyumbani kwa mwenyekiti. Mimi nililala karibu na mama nikisikiliza pumzi zake, na nilijua hajalala.

Asubuhi kapteni alikuja mlangoni kabla hatujanywa uji. "Bibi shamba, twende magharibi."

Upande wa magharibi kilima kilikuwa na mwamba karibu na juu, vichuguu vingi, na hakikushuka ghafla. Maji ya huko yaligawanyika yenyewe pande mbili na kuishia porini, mahali ambapo hapakuwa na mtu anayekunywa. Kwa kazi yangu palikuwa pazuri kuliko mashariki kwa kila hali. Lakini nilijua tunakokwenda. Tulipita kichaka, tukatokea kwenye mahame. Nyumba za zamani zilikuwa zimebaki duara za udongo zilizoota majani, mafiga ya mtu hapa, mti wa mbaazi uliojiotea pale. Na makaburi. La baba lilikuwa na msalaba wa mti uliolala upande.

Kapteni alisimama. "Haya ni ya nani?"

"Ya watu wa kijiji, afande. Lile ni la baba yangu."

Alivuta pumzi. "Umeniambia mashariki kuna maji. Sasa huku kuna makaburi. Nikuulize kama nilivyotumwa kukuuliza: kipi kiharibike?"

Sijawahi kuulizwa swali zito kuliko hilo, kabla wala baadaye. Nilimwambia kwamba hilo si langu kulijibu peke yangu, tukawaite wenyewe.

Walikuja, mwenyekiti, wazee, katekista, na akina mama nyuma yao. Safari hii walisema. Mzee mmoja alikataa katakata, akasema aliacha nyumba yake kwa amri lakini mifupa ya baba yake hataiacha chini ya magurudumu. Mwingine akamuunga mkono. Nikaona jambo linageuka, tunarudi mashariki. Ndipo mama yangu alipopenya mbele. Alisimama karibu na msalaba ule uliolala, akausimamisha, akaushindilia udongo kwa mguu, kisha akawageukia wale wazee akasema kwa Kihangaza, polepole, ili kila mtu asikie:

"Huyu aliyelala hapa alikuwa mume wangu. Angekuwa hai angetuambia tusiwanyime watoto maji kwa ajili yake. Yeye hachoti tena. Lakini simruhusu mtu ampitie juu. Muulizeni huyu mgeni kama anaweza kupita pembeni."

Nilimtafsiria kapteni. Alisikiliza. Akachukua kamba yake ya kupimia, akamwita dereva ashike upande mmoja na mimi nikashika wa pili, tukaanza kupima upya kutoka mwambani. Tulipima, tukarudi, tukapima tena. Jua lilikuwa limepanda tulipofika mahali akapiga kigingi, akasimama anatazama mstari mzima kwa jicho moja.

"Nikiugeuza kidogo kuelekea kusini, makaburi yatabaki nje, upande wa kulia," alisema. "Vichuguu ni vingi, greda itahangaika. Nitahitaji mikono ya watu."

Mwenyekiti alitafsiri. Yule mzee aliyekataa ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema atakuja na jembe lake. Nilitazama upande wa mama. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, ameshika tama, na mabega yake yameshuka kama ya mtu aliyetua mzigo wa kuni. Sikuwa nimeyaona yameshuka vile tangu nilipokuwa mdogo.

Kazi ilikwenda msimu mzima. Watu walikuja kwa zamu, wakavunja vichuguu kwa sururu, wakabeba mawe ya mwamba na kuyapanga kuzunguka makaburi, ukuta mfupi wa kuyalinda. Kapteni alikubali mambo mengine niliyoyaomba: mashimo ya changarawe yafukiwe yasije yakatuama maji na kuleta mbu, na mifereji miwili ichimbwe badala ya mmoja. Kingo za mifereji tulizipanda mabingobingo, majani marefu yanayoshika udongo. Lile handaki la mashariki tuliliziba kwa mawe na matawi, tukapanda majani juu yake. Kapteni alirudi kaskazini kabla kazi haijaisha. Aliagana na mama, akambebesha mche mmoja wa sabuni, kitu ambacho wakati ule hukukipata dukani hata kwa kuomba. Mama aliukata vipande akawagawia majirani.

Mimi nilibaki na hofu yangu. Kusema kwamba maji yatakwenda huku na si kule ni rahisi. Mvua ndiyo inayotoa jibu. Masika ilipoanza nilikuwa kijijini, na mvua ya kwanza kubwa ilinyesha kuanzia jioni bila kupumzika. Alfajiri nilivaa buti bila kunawa uso nikateremka mbio, nikateleza mara kadhaa, nikafika chemchemini nimechafuka matope mpaka kiunoni. Mkuyu ulikuwa unadondosha matone. Chini yake maji yalikuwa yanatoka kama kawaida yake, meupe, unaona changarawe chini. Nilichutama nikanywa kwa viganja, nikanywa tena, ingawa sikuwa na kiu. Mama mmoja aliyefika na ndoo aliniuliza, "Bibi shamba, unalia nini?" Nikamwambia silii, ni mvua. Akatazama juu, mvua ilikuwa imekwisha, akacheka mpaka akaweka ndoo chini.

Nilipanda mpaka magharibi. Mifereji ilikuwa imejaa na inapeleka maji porini, pande zote mbili. Makaburi yalikuwa makavu ndani ya ukuta wao.

Siku ndege ya kwanza ilipotua, watu walikuwa wamejipanga mbali, na ng'ombe wamefungwa. Ilishuka kwa kelele iliyonifanya nizibe masikio, ikagusa chini, ikakimbia na kusimama kabla ya kufika mwisho wa uwanja. Walishusha masanduku ya dawa, kisha machela, juu yake kijana mmoja wa Ntobeye, wilayani kwetu, mguu umefungwa plasta, anatabasamu kwa aibu kwa sababu kila mtu alikuwa anamtazama. Rubani alikanyaga uwanja kwa kisigino, akamwambia mwenyekiti ni mgumu, mzuri. Mwenyekiti alinionyesha kwa kidole. Mimi nilijificha nyuma ya mama.

Siku hiyohiyo redio ilitangaza kwamba vita vinakaribia mwisho, na askari wetu walikuwa mbele sana. Sikubaki kusikiliza ngoma zilizoanza kupigwa kijijini. Lori lililoleta wauguzi lilikuwa linarudi mjini, nikapanda nyuma, nikajilaza juu ya magunia matupu. Barabara ile ina mashimo ya kumrusha mtu, lakini usingizi ulinishika kabla hatujamaliza kilima, usingizi mzito ambao sikuwa nimeupata tangu siku nilipoitwa ofisini. Dereva ndiye aliyenigutusha kwa kugonga bodi la lori.

"Bibi shamba! Tumefika zamani. Nimejaza hata mafuta, wewe umelala tu."

Nikakaa, nikafuta uso, nikamwomba aniache kidogo zaidi.